Springi Imevunjika: Muulize Fundi Sababu Kabla ya Bei



Lori likitoka Masisi hushuka vilima vya Mushaki, likazunguka kona za udongo mwekundu, hadi likafika hapa Sake usawa wa Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya bahari. Hapa barabara za Masisi, Kitchanga na Minova zinakutana, na hapa ndipo lami ya kwenda Goma inapoanza, kama kilomita 25 hivi. Kwa mtu anayetengeneza magari, mahali hapa pana thamani ambayo wengi wetu hatuioni. Kule mlimani kila gari limeinama kwa sababu njia yenyewe imeinama, na kila gari linagonga kwa sababu mashimo yanaligongesha. Likifika Sake kwenye tambarare, lile ambalo bado limelala upande mmoja lina ugonjwa. Likipanda lami, mlio unaoendelea chini ya sakafu huwezi tena kuusingizia barabara. Dakika hizo chache kabla ya kushika njia ya Goma ndizo za kulichunguza gari. Mara nyingi tunazipoteza kwa kushusha abiria, kununua mahindi ya kuchoma, na kujibu simu ya patroni anayetaka kujua mzigo umefika wapi.

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya springi za malori, na hasa pesa zinazopotea humo. Nasema zinapotea, kwa maana nyingi hatukuwa na sababu ya kuzitoa. Jani la springi likivunjika, swali la kwanza linaloulizwa katika garaji zetu ni bei gani. Fundi anataja bei ya jani, anataja na kazi ya mikono yake, watu wanavutana kidogo, wanakubaliana, jani linafungwa, gari linaondoka. Halafu haupiti muda mrefu jani linavunjika tena, mara nyingi palepale lilipovunjikia la kwanza. Patroni anamlaumu dereva, dereva anailaumu barabara, na fundi anamlaumu aliyeuza chuma kibovu. Mimi nasema jani lile lilivunjwa na kitu kingine ambacho hakuna aliyekitafuta. Na hakitafutwi kwa sababu sisi tunamlipa fundi kwa kupiga nyundo na kufunga nati, hatumlipi kwa kutazama.

Tuanze na chuma chenyewe, kwa ajili ya wale ambao gari wanalijua kwa juu tu. Malori mengi yanayopita hapa, Fuso, Howo, Mercedes za zamani, yanakaa juu ya springi za majani, ambazo mafundi wetu wanaziita lame. Ni vyuma virefu vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kikiwa juu na vifupi vikikifuata chini. Kile cha juu ndicho jani kuu, na ncha zake zimekunjwa kuwa macho mawili. Jicho la mbele linashikwa kwenye chasisi na pini isiyohama. La nyuma linashikwa na kiungo kinachobembea, kwa sababu springi ikibonyea inakuwa ndefu, na lazima ipate nafasi ya kusogea. Ndani ya kila jicho mna bushi, na pini inazunguka ndani ya bushi hiyo ikilainishwa na grisi. Katikati, bolti moja inapita katika majani yote na kichwa chake kinaingia katika tundu la ekseli, ili ekseli isiteleze mbele wala nyuma. Kisha bolti kubwa zilizopindwa kama herufi U, ambazo hapa tunaziita bridi, zinabana kifurushi chote juu ya ekseli kwa nguvu nyingi.

Sasa jani linapovunjika, mahali lilipovunjikia panasema. Likikatika katikati kabisa, kwenye lile tundu la bolti, usikimbilie duka la lame. Zitazame bridi kwanza. Sehemu ya katikati ya springi, ile iliyobanwa, haitakiwi kupinda hata kidogo. Bridi zikiwa ngumu, kupinda kunatokea nje ya mbano, ambako chuma ni kizima. Zikilegea, springi inaanza kupinda katikati, na hapo katikati ndipo penye tundu, ndipo chuma ni chembamba kuliko pengine popote. Ufa unazaliwa ukingoni mwa tundu na unakua safari baada ya safari. Fundi akibadilisha jani na kurudisha bridi zilezile za zamani, ambazo nyuzi zake zimeshavutika na hazibani tena, amefunga jani jipya juu ya ugonjwa wa zamani. Bridi ni chuma cha bei ndogo ukilinganisha na springi nzima. Springi ikifunguliwa, bridi zitupwe na zifungwe mpya. Zikazwe gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, kisha zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kwa sababu majani mapya yanajipanga na kubanana, na mbano unapungua. Kule kukaza mara ya pili ndiko karibu kila mtu anakokusahau.

Likivunjika karibu na jicho, habari ni nyingine. Huenda kile kiungo cha nyuma kimekwama. Pini isiyopata grisi inaingiwa na maji na matope ya Masisi, inashika kutu, na springi inayotaka kurefuka haipati pa kwenda. Inajikunja mahali isipotakiwa. Hili limezidi tangu vita viliposimamisha magari mengi. Februari 2024 mapigano yalipofika Sake, watu walikimbilia Goma, njia za Masisi na Minova zikakatika, na vyakula vya Minova vikawa vinafika Goma kwa mashua. Januari 2025 ikaja na mshtuko wake, vita vilipoingia Goma yenyewe. Katika miezi hiyo yapo malori yaliyokaa uani bila kuguswa, mengine na mzigo wake juu. Gari lililolala miezi halirudi barabarani kwa kuwashwa tu. Kila pini ipigwe grisi hadi grisi ya zamani itoke pembeni, na kama haitoki, pini ifunguliwe, maana njia ya grisi imeziba na unapojaza nje ndani mnabaki pakavu. Springi iliyobeba mzigo miezi mizima bila kupumzika nayo huwa imekaa chini, na haitainuka kwa kuwa mzigo umeshushwa.

Basi unajuaje kwamba springi imechoka bila kuvunjika? Hapa ndipo tambarare ya Sake inapofaa. Gari liwe tupu, na matairi yote yapimwe upepo kwanza, maana tairi moja laini linalaza lori zima na limeshawafanya watu wengi wanunue springi wasiyoihitaji. Kisha chukua futi, pima kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chasisi, upande wa kulia na upande wa kushoto, mbele na nyuma. Andika. Upande ulio chini ndio wa kuuliza. Huku kwetu tunaendesha mkono wa kulia, na barabara inamwaga maji kwenye mtaro, kwa hiyo upande wa kulia wa gari unabeba zaidi siku zote. Usishangae springi za kulia zikichoka mapema. Lakini kama tofauti iko mbele tu, au nyuma tu, usimame uipime chasisi yenyewe, kwa sababu chasisi iliyopindika inaweza kujificha nyuma ya springi nzima.

Pima pia kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, pande zote mbili, usukani ukiwa umenyooka. Vipimo visipolingana, huenda ile bolti ya kati imekatika na ekseli imeteleza. Hata bila futi, simama nyuma ya lori linalokwenda kwenye lami iliyonyooka. Ukiona kichwa kinaelekea huku na mkia unaelekea kule, unaitazama ekseli iliyohama. Gari hilo linakula matairi ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, na mwenye gari ananunua matairi mwaka mzima akidhani amelogwa na wauza matairi. Hapa gharama ya bolti moja inajificha ndani ya gharama ya tairi, na hakuna anayeihesabu.

Pini na bushi hazionekani kwa macho, lazima ziguswe. Inua chasisi kwa jeki hadi springi ipungukiwe na mzigo, weka vigogo, usiukabidhi uzima wako kwa jeki peke yake. Ingiza mtaimbo karibu na jicho la springi, sukuma juu na chini. Jicho likicheza juu ya pini, bushi imekwisha. Mwambie boi-shofere asukume wakati wewe unatazama, maana mtu mmoja hawezi kusukuma na kuona kwa pamoja. Dereva naye ana dalili zake: gari linatangatanga barabarani bila usukani kuguswa, linagonga mara moja unapoanza kuondoka na mara moja tena unapofunga breki. Kugonga kwa aina hiyo, kwa kuondoka na kwa kusimama, mara nyingi kunatoka kwenye jicho lililolegea au kwenye zile fimbo zinazoshikilia ekseli mbili za nyuma.

Amortisa nazo zina kipimo kisichohitaji chombo chochote. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Lori likitoka kwenye njia mbaya, kama hii yetu kutoka mlimani, zisogelee zote upesi na uziguse kwa uangalifu, ukilinganisha ya kulia na ya kushoto ya ekseli moja. Inayofanya kazi ina joto. Ile iliyo baridi wakati mwenzake ana joto imekufa, hata kama kwa nje inang'aa. Amortisa iliyokufa inaiacha springi icheze bila breki, na kila mchezo ni mkunjo mmoja zaidi katika chuma ambacho uhai wake unahesabiwa kwa mikunjo.

Nimekaa sana kwenye ukaguzi kwa sababu hapo ndipo pesa zinaokolewa. Lakini lazima niseme na juu ya mzigo, ingawa najua wapo wasiopenda kusikia.

Springi zikichoka, dawa inayopendwa hapa ni kuongeza jani, au kubadilisha majani kwa mengine manene zaidi. Sikilizeni hesabu hii. Ugumu wa jani unakwenda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ukitoa jani la milimita 10 na kuweka la milimita 12, umeongeza milimita 2 tu kwa macho, lakini ugumu umepanda karibu asilimia 73. Gari linasimama wima, patroni anafurahi. Ule mshtuko ambao springi ilikuwa inaumeza unapita sasa kwenda mahali pengine, kwenye vishikio vilivyopigwa ribiti kwenye chasisi, kwenye ekseli, kwenye beringi, kwenye mgongo wa dereva. Chasisi inaanza kupasuka. Majani ya ziada hayakuongeza nguvu ya ekseli hata kilo moja, yameondoa tu ile dalili iliyokuwa inakuonya. Na jani jipya moja likiwekwa kati ya majani yaliyokwisha kulala, lenyewe limepinda zaidi kuliko wenzake, kwa hiyo linabeba zaidi ya fungu lake na linavunjika mapema. Ndiyo maana springi ikichoka, ibadilishwe nzima, na ya upande wa pili wa ekseli hiyo ibadilishwe pamoja nayo kama mfuko unaruhusu.

Barabara nayo inaumia kwa hesabu hiyohiyo ya ukali. Kati ya 1958 na 1960, huko Illinois nchini Marekani, wahandisi walizungusha malori kwenye barabara za majaribio mchana na usiku ili wajue uzito unaharibu kiasi gani. Walichogundua kinatumika hadi leo: uharibifu unakwenda kwa uzito wa ekseli uliozidishwa mara nne kwa wenyewe. Ekseli iliyotakiwa kubeba tani 10 ikibeba 12, uharibifu wa njia ni zaidi ya maradufu. Tani 10 sizitaji kwa kubahatisha. Ndicho kikomo cha ekseli moja yenye matairi manne katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari, na gari zima halitakiwi kupita tani 56. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Lori lililopakiwa viazi, mbao na abiria juu yake linachimba Mushaki leo shimo ambalo wiki ijayo litavunja springi yake lenyewe.

Simlaumu mwenye gari kwa urahisi, kwa sababu najua kinachomsukuma. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walitoa ripoti iliyohesabu barieri 798 kwenye njia za Kivu zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Kizuizi kinachotoza gari, bila kujali gunia ngapi zimo, kinamfundisha mwenye gari kujaza magunia mengi iwezekanavyo ili kila gunia libebe sehemu ndogo ya kodi hiyo. Hivyo malipo ya barieri yanashuka hadi chini ya gari na kutokea upande wa pili kama jani lililovunjika. Atakayetengeneza barabara ya Masisi bila kugusa barieri atakuwa ametengeneza nusu. Lakini mpaka hayo yabadilike, mwenye gari anaweza angalau kuhesabu: gunia kumi za juu zinamletea nini, na springi ikikatika karibu na Matanda, mzigo wa viazi ukalala mvuani siku tatu na mlinzi akalipwa, zimemwondolea nini.

Njia mbili tunazozipita zinaharibu chuma kwa namna mbili. Kutoka Sake kwenda Goma tunapita juu ya lava, ikiwemo ile ya volkano ya Nyamulagira ya 1938 hadi 1940 iliyoteremka ikafika ziwani karibu na hapa. Jiwe hilo ni gumu na lina makali. Lami ikitoboka, gari linapigwa mapigo mafupi ya haraka, na amortisa na bushi za mpira ndizo zinazokwisha kwanza. Kupanda Masisi ni udongo na makorongo. Huko gari linapindwa, gurudumu moja likiwa shimoni na lingine angani, na wanaoumia ni jani kuu, macho yake na pini. Kushuka nako kunasukuma uzito mbele kila breki inapofungwa, kwa hiyo gari la Masisi likaguliwe springi za mbele kwa bidii zaidi kuliko gari linaloishi mjini. Matope yakikauka ndani ya bushi yanasaga kama msasa. Grisi kila baada ya safari yenye matope ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote nilizozitaja jioni hii.

Juu ya kuchomelea nitasema kwa ufupi, kwa sababu jambo hilo halina mjadala. Jani la springi halichomelewi. Chuma chake kimepashwa moto, kikapozwa ghafla na kupashwa tena kwa kipimo kiwandani, ili kiwe kigumu na bado kiweze kupinda. Moto wa kuchomelea unaharibu hayo yote pembeni mwa mshono, na jani litakatika hapohapo, pengine mteremkoni na watu wakiwa juu ya mzigo. Hali kadhalika kuinamisha upya springi iliyolala kwa kuipasha moto kwenye makaa: inatoka imepinda vizuri, inarudi chini baada ya mizigo michache. Jani lililovunjika lina kazi nyingine nzuri. Wahunzi wanalijua, na panga au jembe lililofuliwa kwa chuma cha springi linadumu kuliko la dukani. Liuzwe huko.

Sasa bei. Sitawasomea bei za wiki hii, kwa sababu zinabadilika na dola, na msimu, na nani amefungua njia ipi. Nitawaeleza bei inavyojengwa. Spea inayofungwa hapa Sake imetoka mbali. Ikiwa mpya, imeshuka Mombasa au Dar es Salaam, ikapita Kampala au Kigali, ikavuka mpaka, ikalipiwa Goma, na kila mkono umeongeza chake. Ikiwa okazioni, huenda imetoka Sharjah katika Falme za Kiarabu, ambako magari yaliyokwisha yanavunjwa na kuuzwa vipande, au katika soko la Kisekka mjini Kampala. Unapolipia jani, unalipia barabara yote hiyo. Na benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, watu wengi wakivuka hadi Gisenyi kutafuta pesa zao wenyewe, hata kuipata ile dola ya kulipia kukawa na gharama yake.

Kwa sababu hiyo springi ya okazioni si ya kudharauliwa, lakini ikaguliwe. Isugue kwa brashi ya waya, hasa kuzunguka tundu la kati na macho. Mstari mwembamba wa unga mwekundu unaotoka kati ya majani unaweza kuwa dalili ya ufa. Angalia kama majani yamekula kwenye ncha yanaposuguana. Zilaze springi mbili za kulia na kushoto zikigeuziana migongo, uone kama zimepinda sawa. Na usilinganishe bei peke yake. Tuseme springi ya bei ndogo inakaa safari 10, na ya bei maradufu inakaa safari 30. Ile ya bei maradufu ndiyo rahisi, kabla hujahesabu siku ambazo gari lilisimama na mara mbili za ziada ulizomlipa fundi. Mwenye gari aliye na daftari anaiona hesabu hii mara moja. Asiye na daftari anaona tu kwamba mwezi huu alinunua chuma cha bei ndogo.

Ndipo nafika kwa watu. Papa patroni, unayekaa Goma na gari lako liko Nyabiondo: mlipe fundi kwa ukaguzi, hata siku ambayo hajabadilisha kitu. Kubalianeni bei ya kutazama, kupima na kuandika, iwe malipo yake ya haki. Fundi anayelipwa tu pale anapofunga chuma kipya atakufungia chuma kipya. Hana njia nyingine ya kulisha watoto. Ukimlipa kwa jicho lake, atakwambia siku nyingine kwamba springi haina neno, kaza bridi, piga grisi, nenda. Neno hilo limekuokolea springi nzima, na wewe ulikuwa unataka liwe la bure.

Na dereva asikatwe mshahara kabla chuma hakijasomwa. Jani likivunjika, usitupe vipande. Tazama uso wa mvunjiko. Sehemu iliyo nyeusi au yenye kutu ni ufa wa zamani, ulikuwepo kabla ya safari hii, ukikua kidogokidogo. Sehemu inayong'aa ndiyo iliyokatika siku ile. Kama nusu ya uso imeshika kutu, lile shimo la mwisho halikuvunja kitu kizima, na dereva aliyelipita hana deni. Naona ni dhuluma kwamba kijana anakatwa mshahara wa mwezi kwa ufa ambao ungeonekana kwa brashi ya waya. Na naona hasara nyingine inayotokana na dhuluma hiyo: dereva aliyeadhibiwa mara moja hatasema tena akisikia mlio. Atapandisha sauti ya redio na kuendelea. Ninyi madereva mnaonisikiliza saa hizi, mnalijua hilo kuliko mimi.

Boi-shofere naye afundishwe. Ndiye anayeingia chini ya gari kuweka jiwe nyuma ya tairi, ndiye anayeona bridi kwa ukaribu. Mpe alama ya rangi kwenye nati na kwenye bolti, mstari mmoja unaopita juu ya zote mbili. Siku mstari ukikatika, nati imezunguka, na hata asiyejua kusoma ataona.

Mwisho, kwa wale mnaoagiza springi kwa simu kutoka Goma au Kampala na kuletewa isiyoingia. Jina la gari halitoshi, kwa sababu Fuso moja na Fuso nyingine hazina springi moja, na gari likiwa la okazioni huenda limeshabadilishiwa springi mara kadhaa kabla halijafika kwako. Tuma vipimo. Upana wa jani, unene wa kila jani, idadi ya majani, kipenyo cha pini, kipenyo cha bolti ya kati. Kisha urefu kutoka bolti ya kati hadi katikati ya jicho la mbele, na urefu kutoka bolti hiyo hadi katikati ya jicho la nyuma, vipimo viwili tofauti, si kimoja cha springi nzima. Katika magari mengi pande hizo mbili hazilingani. Springi ikifungwa mbele nyuma inaingia, bolti zinashika, na ekseli inakaa nje ya mahali pake, na utajua baada ya matairi kuisha. Kabla ya kuifungua ile ya zamani, chukua chaki, andika M upande wa mbele, ndipo ulegeze nati ya kwanza.